Mwaka mmoja na watu wa ndoo mbili hapa Moshi: mbolea safi, funza safi, guta ndo linatuua

Nianze na hili, mi sio mtu wa mazingira. Nauza chakula, kibanda kipo Majengo, asubuhi mtori na chapati, mchana ndizi nyama na wali maharage, Jumatano na Jumamosi makande, na ukishapikia watu sabini kwa siku basi na uchafu wa watu sabini ni wako, maganda, ukoko, mifupa, majani ya chai, chupa za maji, makopo ya nyanya, na vyote vinataka pa kwenda kabla mbwa wa mtaa hawajaamua wenyewe.

Kwahiyo mwaka jana mwanzoni alipokuja dada mmoja kavaa vesti ya kijani kashika ndoo mbili, akaniambia wao ni shirika, hawafanyi biashara, wanachukua taka zilizotenganishwa wanazirudisha shambani, nilimsikiliza kwa sababu moja tu, alisema watazifuata mlangoni. Mambo ya dunia kupata joto aliyasema pia ila nilikuwa nakaanga vitunguu.

Sasa nimemaliza nao mwaka mzima, na juzi walituita kwenye mkutano wao wa mwaka wakatusomea walichofanya na wanachopanga mbele, nikaona na mi niandike kama kastoma, maana ripoti wameandika wao na wafadhili wameshaisoma, sisi wa ndoo hakuna aliyetuuliza. Jina lao siweki. Nitawasema vizuri na nitawasema vibaya, na Moshi ni ndogo, ukimsema mtu Majengo mchana jioni Pasua wanakupigia simu. Kama unataka nyota tu uondoke, nawapa tatu na nusu, na hiyo moja na nusu iliyobaki nyote mtaona ilikoenda.

Huduma yenyewe iko hivi. Ndoo ya kifuniko cheusi ni ya vinavyooza, ya kifuniko cha bluu ni ya vikavu, yani chupa, makopo, maboksi, plastiki ngumu. Kuchukua ni Jumanne na Ijumaa kuanzia saa mbili asubuhi (hiyo ni kwenye karatasi). Nyumba za kawaida walikuwa wanachaji elfu tano kwa mwezi, sisi wa biashara ndogo elfu kumi na tano, unalipa kwa simu na risiti inakuja kwa meseji. Kila baada ya miezi mitatu unapewa kiroba cha mbolea ya mboji bure, na kama una kuku unauziwa funza kwa bei ya mwanachama. Kabla yao nilikuwa nampa kijana wa mkokoteni buku kila baada ya siku mbili, kwahiyo kwa mwezi hesabu ilikuwa ileile, na sikuwahi kumuuliza anapeleka wapi kwa sababu nilikuwa najua anapeleka wapi, na hata wewe unajua, nenda kaangalie kingo za mto.

Moshi tunajisifia usafi na tuna haki, hayo mashindano ya usafi ya manispaa tumeshayabeba mara nyingi tu, mgeni akidondosha ganda stendi anaambiwa aliokote na mtu ambaye hata sio mgambo. Ila ganda likishatoka barabarani halijayeyuka, limeenda dampo, na kule ndizi na pampasi na chupa vinalala kitanda kimoja. Kwenye semina ya kwanza walitueleza kwamba chakula kikifukiwa pasipo hewa kinatoa methani, na hiyo gesi kwa hesabu ya miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito huohuo. Mama mmoja wa Njoro akanyoosha mkono akauliza, sasa kama ni gesi si tuipikie? Ukumbi ukacheka, mwezeshaji naye akacheka, ila baadae nitawaambia hilo swali lilifikia wapi.

Kutenganisha kulinishinda wiki tatu nzima. Binti anayenisaidia vyombo alielewa siku ya kwanza, mi nilikuwa natupa tu kwa mazoea. Halafu ikatokea ya mfuko. Mnakumbuka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ikaja hii mifuko mbadala, hii tunayobebea nyanya sokoni, laini kama kitambaa. Mi miaka yote nilijua ni kitambaa. Nikaufungia maganda ndani yake nikautupia kwenye ndoo nyeusi, na kila wiki nilikuwa nafanya hivyo nikijiona mstaarabu kabisa. Siku moja kijana wa guta, lile la magurudumu matatu wanalobebea ndoo, akautoa, akaukung'uta, akanyofoa kipande kama kucha, akawasha kiberiti. Aisee kile kitu hakikuungua kama nguo, kilijikunja, kikachuruzika, kikadondosha tone jeusi kwenye saruji na lile tone likawa gumu kama shanga. Akaliokota likiwa la moto bado akaniwekea mkononi, akasema, mama hii nayo ni plastiki, wameifanya ifanane na kitambaa tu. Nimelihifadhi lile tone mpaka leo liko kwenye kopo la pini. Hakuna semina iliyonifundisha kama lile tone, na yule kijana nadhani ndo analipwa kidogo kuliko wote pale.

Halafu kuna kesi ya maganda ya ndizi ambayo lazima niiseme kwa sababu kila Mchaga anayesoma hapa ameshaanza kuuliza. Maganda ya ndizi sio taka jamani. Maganda yangu yalikuwa yanapanda Uru, kule mlimani, kila siku kwenye daladala, wifi yangu ana ng'ombe wawili wa ndani, ng'ombe anakula maganda, samadi inaenda kwenye migomba, mgomba unatoa ndizi mshare, mshare unashuka Majengo kuwa mtori. Huo mzunguko bibi yangu kaufanya miaka sitini bila projekta. Sasa hawa jamaa wanakuja na karatasi yenye mishale inayozunguka wanatufundisha kwamba takataka ni mali, nikamwambia dada wa vesti, mwanangu, kwenye kihamba, yani shamba letu la migomba la nyumbani, hicho kitu kipo kabla ya huo mchoro, nyie tusaidieni vile ambavyo ng'ombe hali. Na nampongeza hakubisha. Alirudi ofisini, mwezi uliofuata wakabadilisha maelekezo yao, wakasema kama una mfugo wape mfugo kwanza, ndoo nyeusi ni ya kilichobaki, wali uliochacha, maharage, maganda ya machungwa, mbegu za parachichi, majani ya chai, maganda ya mayai. Shirika linalobadilisha karatasi yake kwa sababu mama ntilie kasema sijaona mengi.

Sasa mbolea. Kiroba cha kwanza nilikipokea mwezi wa nne na masika yameshaanza, nikakipeleka nyuma ya nyumba kwenye kijishamba changu cha mboga ya mnafu. Nilipokifungua kilikuwa na joto, mkono ukiuingiza unahisi kama umeingiza kwenye uji uliopoa nusu, na kilikuwa kinapiga harufu ya mkojo inayochoma pua. Nikajua ndo nguvu yenyewe hiyo. Nikaweka kwa wingi. Siku ya sita mnafu wote umekuwa njano, kingo za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto, tuta zima la mnafu limekwenda. Niliwapigia na sikupiga kwa upole.

Kesho yake bwana shamba wao alikuja, kijana mdogo tu, akachuchumaa, akachota, akanusa, akasema bila kuzunguka, hii haijaiva, tumeharakisha, samahani mama. Akanieleza kwamba tuta la mboji likifanya kazi linapanda mpaka nyuzi 55 au 65 na ndo kunakoua mbegu za magugu na vijidudu, linageuzwa lipate hewa, halafu likishapoa linatakiwa likae tena wiki kadhaa litulie kabla ya kukutana na mzizi, na wao walikuwa na foleni ya viroba ikabidi waruke hiyo ya mwisho. Akanionyesha na kipimo cha kijinga kabisa ambacho nakitumia mpaka leo na ntakigawa bure hapa: chukua konzi ya mbolea, ilowanishe kidogo, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa siku tatu, fungua unuse. Ikinuka uchachu au mkojo haijaiva, ikinuka udongo wa mvua ya kwanza tumia. Mnafu hawakunilipa, walinipa kiroba kingine na miche kumi ya parachichi. Miche saba ipo hai.

Kuanzia kiroba cha pili sina malalamiko. Cheusi, kinamomonyoka, hakishiki mkononi, ndani unakuta tu vipande vya ganda la yai na siku moja nilikuta kijiko changu cha chai, nikacheka sana, kilienda kikarudi. Cha tatu nilimpelekea wifi Uru akamwagia migomba minne ya pembeni ambayo samadi huwa haiifikii, na wifi ni mtu mgumu wa kusifia, akaniambia tu "lete kingine." Kwa kipimo cha Uru hiyo ni nyota tano.

Funza sasa. Najua wengine mmeshakunja sura. Kituo chao kipo upande wa Msaranga, nilienda mwenyewe kuangalia kabla sijawapa kuku wangu kitu nisichokijua. Kuna kibanda cha neti, ndani wanaruka nzi weusi wembamba, ukiwaangalia haraka unadhani nyigu, wao wanawaita nzi chuma. Hawaumi, hawana mwiba, na huyu nzi akishakuwa mkubwa halishwi kitu, anapewa maji ya kunywa tu, anaishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea utotoni, anapandana, jike anataga mayai yake mamia kwenye upenyo wa mbao karibu na uchafu, anakufa. Ndo maana hata hakai kwenye chakula chako kama hawa wa nyumbani. Kazi yote inafanywa na watoto. Beseni la mabaki ya chakula wakiwekwa funza wachanga, baada ya kama wiki mbili limeshuka zaidi ya nusu na kilichobaki ni kama unga wa kahawa, na ukisogeza sikio unasikia wanakula, naapa, ni sauti kama mvua ndogo kwenye majani ya mgomba. Na wakikomaa wanajitoa wenyewe, wanapanda kibao kilichoegeshwa wanadondokea kwenye ndoo, hakuna wa kuwachambua. Mi niliyezoea kubembeleza watu waje kazini nilisimama pale nikatamani.

Wakikaushwa protini yao ni kama asilimia 40, ndo maana wanashindana na dagaa kwenye chakula cha kuku. Kuku wangu ni ishirini na mbili wa kienyeji, niliwachanganyia pumba na funza badala ya dagaa, wiki ya kwanza walipigana kwenye chombo. Mayai yameongezeka ila sitadanganya kwamba nilikuwa nahesabu kwa daftari, najua tu kwamba nilikuwa nanunua trei za kupikia na saivi sinunui. Mama mkwe alipojua akagoma, akasema yai la kuku aliyekula funza yeye hali. Nikamuuliza kwa heshima zote, mama, kuku wa kienyeji akichakura jalalani kutwa nzima anatafuta nini, bisikuti? Alikaa siku mbili. Ya tatu alikula, wa kukaanga, na chumvi.

Sasa twende kwenye guta.

Wana guta moja. Moja! Kwa mitaa yote hiyo, na hilo guta ndo linachukua ndoo, ndo linapeleka mbolea kwa wakulima, ndo linabeba viti vya mikutano yao. Kiangazi linajitahidi, likichelewa ni saa tano, unavumilia. Masika hali ikawa nyingine. Ijumaa moja ya mwezi wa nne walichukua vizuri, Jumanne hawakuja, napiga naambiwa tupo njiani mama, saa kumi jioni bado wapo njiani, Ijumaa hawakuja, Jumamosi simu haipokelewi, wamekuja Jumatatu. Siku kumi. Ndoo ya kifuniko cheusi, masika, siku kumi. Kifuniko kilikuwa kinanyanyuka chenyewe, na wale waliokuwa wanatoka chini ya kifuniko hawakuwa nzi chuma, walikuwa funza wa kawaida wa choo hawa tunaowajua, wanatembea ukutani kuelekea meza ya wateja. Kaka mmoja anakula mtori wangu tangu sijaolewa aliinuka hajamaliza, akalipa, hakusema kitu, alirudi baada ya wiki tatu. Mnajua mtu akilamba sahani kila siku miaka kumi halafu aache nusu unavyojisikia? Ilibidi ndoo nimlipe kijana wa mkokoteni wa zamani, akanichaji elfu tatu na kicheko juu.

Kilichoniuma sio mvua. Nilikuja kujua baadae, na nimeambiwa na mtu wao wenyewe, kwamba Ijumaa ile ambayo hawakuja guta lilikuwa zima kabisa, lilikuwa limepelekwa kuoshwa na kupakwa rangi upya, maana wageni wa ufadhili walikuwa wanafika Jumatatu na walitaka kupiga nalo picha. Yani guta la kubeba taka zangu limeshindwa kubeba taka zangu kwa sababu linapambwa lionekane linabeba taka. Nilipoliona Jumatatu kweli lilikuwa linang'aa, kijani, na mchoro wa Kibo ubavuni. Nilipewa meseji ya samahani iliyotumwa kwa wote, pesa ya mwezi haikupunguzwa hata mia.

Baada ya hapo limeniruka mara nne tena mpaka mwaka umeisha, nimeandika ukutani kwa chaki, hata leo ukija unazikuta.

Mkutano wa mwaka ulifanyika ukumbini, soda, sambusa, projekta, watu kama themanini. Waliwasha slaidi za tani walizokusanya na watu wakapiga makofi. Mi si mgomvi ila mwezi wa tisa nilikuwa nimepima ndoo zangu wiki nne kwa mzani wa nyama, nyeusi zilitoa kilo 152, bluu kilo 19, nikaandika. Kwa mwaka nyeusi peke yake ni karibu tani mbili kutoka kwenye kibanda kimoja tu, na nimerudishiwa viroba vinne vya kilo 25. Kwahiyo nikasimama nikauliza mambo mawili. La kwanza, mmetuonyesha kilo zilizoingia, zilizotoka ni ngapi? La pili, zile ndoo za bluu, vyote vinapata mnunuzi?

Mkurugenzi alijibu mwenyewe na hapa nawapa nyota zao. La kwanza akasema chakula zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, tuta likipata joto maji yanapaa na sehemu nyingine inaondoka kama hewa, kwahiyo kilo mia za maganda hazirudi kilo mia, na kinachobaki nje ya viroba vyetu wanawauzia wakulima ndo mishahara ya vijana inapotoka. Sawa, nimeelewa, ukichemsha supu mpaka ikauke hutegemei sufuria ile ile. La pili akakubali wazi mbele ya watu kwamba hapana, chupa na makopo na maboksi yanauzika, ila vifuko vya krispi na karatasi za biskuti zenye kung'aa ndani hakuna anayechukua, vinaishia dampo kama zamani, na kwenye zile tani za slaidi vilikuwa vimehesabiwa. Akaahidi mwakani watatenganisha hesabu. Nikaomba ripoti ya karatasi, nikapewa. Hii sio hisani jamani, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika haya yatoe ripoti ya kazi zao kila mwaka na iwe wazi kwa watu, nyie ombeni tu. Wanaoona aibu kuomba ndo wanaobaki na sambusa.

Mipango yao ya mbele ni mitatu na ntaisema kama ninavyoiona mi wa jikoni.

Wa kwanza ni mkaa mbadala, ule wa vitofali, wanataka kutumia maganda makavu na pumba. Yule mama wa Njoro na swali lake la gesi wamemwambia mtambo wa gesi upo kwenye mpango wa baadae, pesa haijapatikana, wameanza na hiki. Walinipa mfuko wa kujaribia. Unachelewa kuwaka, inabidi uuanzishe na mkaa wa kawaida pembeni kama mtoto anayejifunza kutembea, na majivu yake ni mengi mpaka jiko linaziba. Ila ukishashika haupigi kelele wala cheche, na kwenye makande ulikaa kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka mahindi yakapasuka vizuri sijaongeza hata kimoja. Kwa chapati usijaribu, moto haupandi, chapati zinakauka kama kadi za kliniki. Mi chai na chapati natumia gesi, makande na maharage mkaa, na wanawake wengi wa chakula ninaowajua ni hivyohivyo. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, ila mtungi hauwezi kubembeleza makande masaa manne ukabaki na faida, kwahiyo wakilirekebisha hilo la majivu mi nanunua.

Wa pili ni miti kwenye vihamba, na huu ndo ulionigusa. Wamesema hawatagawa mikaratusi, watagawa mringaringa, mfuruanje na msesewe. Wazee wakaitikia ukumbi mzima, msesewe tunaujua wote tuliokulia karibu na mbege, pombe yetu ya ndizi inayotiwa gome lake. Babu yangu alikuwa akiitaja nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa 1941 ili wananchi wa mlimani wapate kuni na mbao, na tangu msitu uingizwe kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro 2005 masharti yamekaza, kwahiyo kuni inabidi itoke kwenye kihamba chenyewe, na kivuli cha kahawa kitoke hapohapo, na mfongo, yani mfereji wetu wa maji, usikaushwe na mkaratusi wa jirani. Mzee mmoja wa Kibosho akauliza swali ambalo slaidi haikuwa nalo, meku (yani mzee), mche nitaupanda mwezi wa nne, Januari nani ataumwagilia? Wakasema wataangalia. Andikeni jibu la hilo kabla ya kuagiza miche, kupanda kila mtu anapiga picha, Januari hakuna kamera.

Wa tatu, wanataka kufungua Arusha. Hapa nikaweka soda chini. Arusha kuna hoteli, kuna pesa ya utalii, najua kwanini wafadhili wanapapenda, na watu wa Arusha wataanza kujisifu wamebuni wao hata mwezi haujaisha, hilo tumelizoea. Ila nyie mna guta moja. Jumanne hamuwezi kufika Majengo kutoka Msaranga, mnataka kufika Sombetini? Nikasema hivyohivyo kwenye kipaza sauti na makofi niliyopigiwa yalizidi ya zile tani. Mkurugenzi akasema kwenye bajeti ya mwaka huu kuna guta la pili. Nikamuuliza linanunuliwa lini, akasema robo ya kwanza. Nimeandika na hiyo.

Kama unafikiria kujiunga, kwa mtu wa nyumbani mwenye watu wanne watano na bustani hata ya ndoo, jiunge, elfu tano utaiona kwenye mchicha. Kama una kuku usifikirie mara mbili. Kama una ng'ombe na kihamba huwahitaji sana, labda ndoo ya bluu tu, waambie wakupunguzie, wanapunguza ukibisha. Kwa wenzangu wa chakula, chukua ndoo nyeusi ya pili ya akiba uiombe siku ya kwanza, wanatoa bure ila hawasemi, na weka majivu au pumba ya mbao juu kila unapotupa, inakata harufu siku tatu nne. Na namba ya kijana wa mkokoteni usiifute.

Mwezi huu wametangaza ofa, ukilipia mwaka mzima mara moja unapata miezi miwili bure. Dada wa vesti alikuja nayo mwenyewe, kakaa kala mtori, tukapiga stori vizuri tu. Nimemlipia miezi mitatu.